Taarifa ya mwenyekiti 2024/25: punguzo ni letu, VAT siyo yetu

Wanachama wenzangu wenye hoteli, wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Nimeambiwa niandike fupi safari hii maana ya mwaka jana hakuna aliyefika mwisho, haya.

Kilichotuumiza kichwa mwaka huu ni wageni wa taasisi, wa serikali na wa NGO, ambao ndo wanaotujazia vyumba Jumapili mpaka Alhamisi hapa Sinza na Kijitonyama, Dar, wikiendi wanatoweka tunabaki na watu wa harusi. Kila akifika kaunta anataka bei ishuke, na hapo ndo tunapochanganya punguzo na kodi.

Naanza na yangu msije mkasema nawasema. Februari nilipata kundi la NGO moja, vyumba nane usiku nne, bei 118,000 kwa chumba na VAT (kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18) ikiwa ndani. Kiongozi wao akamwonyesha binti wa mapokezi cheti cha usajili, akasema sisi hatulipi VAT, tutolee hiyo 18. Binti akashika kikokotoo, akapiga asilimia 18 ya 118,000 akapata 21,240, akaitoa, chumba kikawa 96,760. Mimi niko msibani Morogoro, napigiwa simu naitikia tu sawa sawa. Jamani! Kwanza kodi iliyokuwa ndani ya ile bei ni 18,000, siyo 21,240. Pili mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, haijui habari za cheti, ikaona 96,760 ikahesabu VAT yake 14,760 kama kawaida, kwa hiyo TRA, mamlaka ya mapato, wamepata chao na mimi nimebaki na 82,000 badala ya laki. Elfu kumi na nane kila chumba kila usiku, 576,000 imeondoka hivihivi, na mgeni hata asante hakusema maana anaona ni haki yake.

Cheti cha NGO siyo msamaha wa kodi. Misamaha inapitia Sheria ya VAT ya 2014, balozi zina utaratibu wake, miradi ya wafadhili yenye makubaliano na serikali ina wake, na mwenye nao anakuja na karatasi ya kuonyesha, siyo maneno. Afisa wa wizara au halmashauri aliyelipwa posho ya kujikimu analipa VAT kama mimi na wewe.

Mwanachama mmoja alipata mama wa Kimarekani katoa fomu ya msamaha ya Texas kabisa, imejazwa vizuri, anaiweka kaunta Sinza! Kwao kodi ya hoteli ya jimbo ni asilimia 6 na mashirika ya hisani yanasamehewa hiyo ya jimbo, ya mji wanalipa, mtumishi wa serikali kuu akiwa kikazi anasamehewa zote mbili. Kwa hiyo mama wa watu hakuwa tapeli, kazoea. Akaelezwa, akacheka, akapewa punguzo la kawaida yakaisha.

Punguzo sasa. Tulikubaliana Machi asilimia 10 kwa mgeni wa taasisi mwenye barua au kitambulisho, 15 wakichukua vyumba vitano kwenda juu, msimu wa maonyesho ya Sabasaba hakuna. Unalitoa kwenye bei kabla hujagusa mashine. Ile 118,000 ikitoka asilimia 10 inakuwa 106,200, VAT 16,200, kwako 90,000. Umetoa elfu kumi yako na kodi imepungua yenyewe kihalali. Na walio chini ya milioni 200 kwa mwaka ambao hawajasajiliwa VAT, acheni kuandika "VAT 18%" kwenye profoma, hiyo pesa unamkusanyia nani?

Kuna wale wanaolala kwa elfu 80 wanaomba risiti ya elfu 120 wakarejeshee masurufu, ile pesa waliyotangulizwa na ofisi. Hapo chama hakimo, ukikamatwa utajitetea mwenyewe.

Semina za taasisi za umma siku hizi zinapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, na wachache tu kati yetu tumejisajili, wengine bado tunasubiri mtu aje na LPO (hati ya oda) mkononi kama zamani. Kuna ofisi moja inadaiwa na wanachama watatu tangu Novemba, chakula na vyumba, kila ukipiga unaambiwa faili liko kwa bosi. Katibu ameandika barua mbili, ya tatu tunaipeleka wenyewe kwa miguu.

Bei za dola zitoke ukutani, kanuni za Machi 2025 zimeshakataza, nimepita wiki iliyopita nikaona bado mbao mbili, wenyewe mnajijua.

Michango mhazini atawasomea kikaoni. Mimi naomba kila mtu aje na risiti moja ya EFD ya mgeni wa taasisi, tuzipige hesabu pamoja na mabinti wa mapokezi wakiwepo, soda juu yangu.