Kwa mabinti zetu wanaotafuta namba kwenye timu ya mpira wa miguu ya shule

Wanangu mnaosoma haiskuli huko Marekani, mliofika kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na Tanzania, wengine mkiwa mmezaliwa kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma, hamjambo? Nanyi wazazi wenzangu, someni pamoja nao, maana nusu ya maneno haya ni yenu.

Kila mwaka kuna wasichana wanaoujua mpira hasa ambao huachwa nje, na wenye miguu ya kawaida wakavaa jezi. Mnasema kocha anapendelea. Pengine wa namna hiyo wapo. Lakini wengi wenu mnachujwa na kalenda na makaratasi kabla hamjaugusa mpira.

Kalenda kwanza. Msimu wa wasichana haufanani kila jimbo. Ohio, Kentucky na Maine msimu unaanza Agosti, hivyo mchujo unafanyika shule zikiwa bado zimefungwa. Anayesubiri kutangaziwa darasani atakuta timu imeshaundwa. Michigan na Iowa wasichana wanacheza kuanzia Machi, theluji ikiwa haijaisha, na siku za mwanzo mara nyingi ni ndani ya ukumbi. Njumu hazifai humo, beba raba za soli bapa. Texas mechi zinaanza Januari, kwa hiyo timu inaundwa kabla ya mwaka mpya. Muulizeni mkurugenzi wa michezo wa shule, miezi mitatu mbele, mchujo ni lini na kama kuna mazoezi ya likizo. Mazoezi hayo huitwa ya hiari. Nendeni. Kocha hapangi timu kwa mahudhurio hayo, ila siku ya mchujo jina lako atakuwa analijua.

Makaratasi sasa. Bila fomu ya afya iliyosainiwa na daktari au muuguzi mwenye kibali, huingii uwanjani hata kujaribiwa. Uchunguzi mliofanyiwa mlipoingia nchini hautoshi, kwa sababu fomu hii ni ya chama cha michezo cha jimbo na ina tarehe yake ya mwisho. Kliniki nyingi hujaa Julai. Wekeni miadi Mei au Juni. Kuna shule zinazopanga siku ya kupima wanafunzi kwa bei ndogo, ulizeni. Baadaye kuna usajili wa mtandaoni, na hapo mzazi ndiye anayesaini, kwa baruapepe yake. Mzazi asiye na baruapepe afunguliwe wiki hiyo hiyo, msingoje usiku wa mwisho. Kama shule inatoza ada ya michezo na nyumbani hakuna, ombeni msamaha wa ada. Si kuombaomba; shule nyingi zina utaratibu huo.

Kwenye umri nitakaa kidogo, maana hapo ndipo panapouma. Wengi wenu karatasi zinasema mmezaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu ofisa wa kambi alihitaji tarehe fulani ya kuandika. Majimbo mengi hayamruhusu kucheza aliyetimiza miaka 19 kabla ya siku maalumu: Michigan ni tarehe 1 Septemba. Tena kuna hesabu ya mihula 8 ya kuruhusiwa kucheza, inayoanza siku ulipoingia darasa la tisa mara ya kwanza. Msichana aliyeanza darasa la tisa akiwa na miaka 17 anaweza kukosa misimu miwili ya mwisho ingawa bado ni mwanafunzi. Msibuni tarehe nyingine. Ikigundulika mchezaji hakustahili, timu inaweza kupokonywa mechi ilizoshinda. Mpelekeeni mkurugenzi wa michezo nyaraka zenu mapema, aseme una misimu mingapi.

Haya, uwanjani. Mchujo huchukua siku mbili au tatu. Utapewa namba ya kubandika kifuani, na kuanzia hapo wewe ni namba hiyo kwenye daftari la kocha. Jaribio la pumzi huja mapema: mara nyingi maili moja, yaani mizunguko minne ya uwanja wa riadha, au kukimbia dakika 12 na kupimwa umbali. Hakuna anayejenga pumzi kwa wiki moja. Anzeni wiki sita kabla, siku tatu kwa wiki: kilomita tatu za mwendo wa wastani, kisha mbio kali za mita 30 mara nane, mkipumzika nusu dakika kila baada ya mbio. Njumu mpya zivaliwe wiki mbili kabla, la sivyo siku ya pili ni malengelenge. Shingadi, yaani vikinga ugoko, ni lazima, zenye muhuri wa usalama wa NOCSAE. Hereni zivuliwe, usizifunike kwa plasta. Hijabu inaruhusiwa, iwe imebana na isiwe na pini.

Kisha mnagawanywa watatu kwa watatu au wanne kwa wanne, na hapa wengi wenu mnajiharibia. Mliokulia kwenye viwanja vya vumbi mna chenga tamu, mnataka kocha azione zote kwa dakika tano. Kocha anatazama vingine: unapokea mpira na kuutuliza kwa mguso mmoja? Uligeuza shingo kutazama nyuma kabla haujakufikia? Ukipokonywa unasimama na kushika kiuno, au unarudi mbio? Hilo la mwisho lina uzito kuliko bao. Piga chenga mbili zilizo mahali pake, zinatosha.

Na semeni! Msichana aliyenyamaza uwanjani huonekana hajui mchezo, kumbe anaogopa Kiingereza chake. Maneno matano yanatosha: «man on» mtu akija nyuma ya mwenzako, «time» akiwa hana wa kumkaba, «switch» mpira uhamie upande wa pili, «drop» pasi irudi nyuma, na «mine» mpira ukiwa wako. Yapigieni kelele.

Jueni pia kwamba kocha hachagui wasichana 20 walio bora. Anajaza nafasi. Kikosi cha kwanza, varsiti, mara nyingi hubeba kati ya 18 na 22. Mawinga wa mwaka jana wakiwa bado wapo wote wanne, winga wa tano atashushwa JV, kikosi cha pili, hata akiwa mkali. Mwaka huo huo beki wa kushoto mwenye kiwango cha kawaida anapita. Ukiulizwa unacheza wapi, taja nafasi mbili. Wa darasa la tisa asinune akipangiwa JV: huko atacheza kila mechi badala ya kuganda kwenye benchi.

Wazazi, kukosa siku moja ya mchujo ni karibu sawa na kujitoa. Siku hizo binti asibaki kulea wadogo zake. Akiwa na msiba, au Ramadhani ikiangukia Machi kama 2025, amweleze kocha mwenyewe kabla, kwa ujumbe wa mistari miwili. Na kwa wale wanaosema mpira ni wa wavulana: sheria iitwayo Title IX, ya mwaka 1972, inaitaka shule inayopokea fedha za serikali kuu iwape wasichana nafasi za michezo sawasawa na wavulana. Nafasi imeshatengwa. Kinachobaki ni usafiri, kwa hiyo pangeni na majirani nani atawachukua saa kumi na mbili jioni.

Majina hubandikwa, hutumwa kwa baruapepe, au kila mmoja huitwa peke yake. Ukiachwa, lia nyumbani. Baada ya siku moja au mbili mwendee kocha mwenyewe, mzazi abaki garini, umuulize vitu gani viwili vilikupungukia. Andika jibu lake, na tarehe ya mazoezi ya likizo yajayo.

Shangazi yenu