Manjano ya jikoni na manjano ya chupa

Mwanangu,

Assalam alaykum. Picha ya chupa uliyonitumia kutoka Muscat nimeiona, nikavaa miwani nikaikuza mpaka maandishi madogo. Unasema tumbo linajaa gesi kila usiku, na wenzako kazini wamekwambia vidonge hivi vinalainisha tumbo na kusafisha ini. Mwanzo nilicheka. Miaka yote hii nakaa Darajani nauza manjano, leo mwanangu ananunua manjano kwa riali!

Nilipofika kwenye namba nikaacha kucheka.

Manjano uliyokulia wewe yanachimbwa, yanachemshwa, yanaanikwa juani siku nyingi mpaka ukiyavunja yanalia ko, ndipo yanakwenda kinuni. Unaikumbuka Idd ile ulipofutia mikono kwenye kanzu mpya, mamaako akaisugua kwa ndimu mpaka akachoka? Kilichoing'ang'ania kanzu ile ndicho wanachokiita kurkumini. Kwenye unga wangu ni kama gramu 3 katika kila gramu 100. Kwenye chupa yako wameandika 95. Piga hesabu wewe uliyesoma: kidonge kimoja cha miligramu 500 kina kurkumini ya vijiko vitano vya chai vya unga, nao wanataka umeze viwili kwa siku. Nani aliyewahi kutia vijiko kumi kwenye sahani yake peke yake?

Halafu wameongeza kiini cha pilipili manga. Manjano ya mchuzini mengi hupita tumboni bila kuingia damuni; pilipili ile imetiwa makusudi ili yaingie. Na yakiingia damuni, wa kuyashughulikia ni ini lilelile unalotaka kulisafisha.

Kuna mteja wangu alimeza vidonge vya namna hiyo miezi miwili. Akaanza kuwashwa mwili mzima, mkojo ukawa kama chai ya rangi, akaja dukani macho yana rangi ya biashara yangu. Akaugua manjano kwa manjano, bwana! Alipoacha alipona, lakini ilichukua wiki nyingi. Daktari kijana anayenunua iliki kwangu akanisomea kuwa Marekani, mwaka 2022, madaktari waliandika habari za wagonjwa 10 walioumia ini kwa manjano ya dawa, na mmoja alikufa. Si kila anayemeza huumia, wengi hawapati kitu. Lakini atakayeumia hajulikani kabla.

Kama una vijiwe vya nyongo, ndiyo usiviguse vidonge hivyo kabisa, kwa sababu manjano huukamua mfuko wa nyongo.

Hiyo gesi mimi naijua inakotoka. Unakula biriani saa nne za usiku, unajitupa kitandani. Kula mapema, tembea kidogo, chemsha tangawizi. Isipopungua, au ukianza kukonda, nenda hospitali. Na ini halisafishwi, mwanangu, linapimwa. Mwambie daktari akupime damu, na homa ya ini B pia. Kama huna, chanjo yake ni sindano tatu. Chupa uende nayo, usione haya.

Nimempa mwana wa jirani nusu kilo ya manjano akuletee, ni ya kupikia. Safari ijayo usinitumie picha ya chupa, nitumie ya majibu ya damu.

Babaako