Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nota Ipi Apewe Mwanafunzi Yupi

Ndugu wanachama, walimu wenzangu wa piano, wazee wetu mliotoka Masasi na Newala alfajiri kuwahi kikao hiki hapa Mtwara mjini, na wenzetu wa Lindi: Asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe.

Hesabu atazisoma mhazini baada yangu, sitamwingilia. Niseme tu kwamba ada ziliingia kama tulivyozoea, baada ya minada ya korosho, na kwamba piano yetu ya zamani bado inateswa na hewa ya bahari. Nyaya zinashika kutu, na masika ikifika baadhi ya vitufe vinavimba, ukivibonyeza havirudi juu. Fundi anahitajika, na hilo tutalizungumza kwenye mengineyo.

Muda wangu nauomba kwa ajili ya kazi iliyotushughulisha mwaka mzima: kuzipanga nota zetu, yaani karatasi za nyimbo zilizoandikwa, kwa kiwango cha ugumu, ili mwalimu anapofungua kabati ajue nota ipi apewe mwanafunzi yupi.

Kazi hii niliiomba mimi, na sababu yake ni kosa langu. Nilikuwa na mwanafunzi, binti mwenye bidii, anayesoma nota vizuri kuliko wenzake wa umri wake. Nikampa ile sonata ya Mozart ya C, namba K. 545. Nilijiona nimechagua kwa hekima, kwa sababu Mozart mwenyewe, alipoiandika kwenye daftari la kazi zake mwezi Juni 1788, aliieleza kuwa ni sonata ndogo ya wanaoanza. Tena mwanzoni haina shapu wala flati, zile alama za kupandisha na kushusha sauti. Mizani nne za kwanza, yaani vile vipande vifupi vinavyotengwa kwa mistari, alizipata ndani ya wiki. Kuanzia mizani ya tano mkono wa kulia unakimbia skeli, yaani ngazi za sauti, kupanda na kushuka, moja baada ya nyingine bila pa kupumzika, na hapo ndipo tulipokaa. Wiki zikapita. Kisha akaacha kuja. Nilipokwenda kwao, mama yake akaniambia binti amesema hana mkono wa piano.

Mkono alikuwa nao. Mimi ndiye nilisoma jina la mtunzi na maneno "wanaoanza", sikuisoma nota yenyewe. Sikufikiri kwamba anayeanza wa Vienna wakati ule alipiga piano nyepesi, vitufe vyake vinashuka kidogo tu, tofauti kabisa na hiki chombo chetu kizito.

Tulipoanza, baadhi yenu mlisema tusijisumbue, wazungu wamekwisha kupanga. Ni kweli wamepanga, ila kila mmoja kwa mpango wake. ABRSM ya London, bodi ya mitihani ya muziki iliyoanza mwaka 1889, ina madaraja manane na moja la awali chini yake. Royal Conservatory, chuo cha muziki cha Toronto, inafika kumi. Wachapishaji G. Henle wa München wana ngazi tisa: tatu za nota rahisi, tatu za kati, tatu za nota ngumu. Kwa hiyo mzazi akikwambia mwanawe yuko daraja la tano, muulize kwanza, la nani? Mipango hiyo tumeitumia na tunaishukuru, lakini kuna mambo yetu ambayo haiwezi kutujibia.

La kwanza ni nyimbo za kanisani. Wengi wetu tumejifunzia hapo, na bado tunawaanzishia watoto hapo kwa kuwa wimbo wanaujua tangu wakiwa mgongoni kwa mama. Hapa naomba tuelewane. Wimbo wa sauti nne uliandikwa kwa makoo manne, haukuandikwa kwa mikono miwili. Mwimbaji wa sauti ya tatu, tunayoiita tena, na yule wa besi wanaweza kuachana kwa zaidi ya oktavu, yaani umbali wa sauti nane, na kwaya isione shida yoyote, kwa kuwa ni watu wawili tofauti. Kwenye kinanda ni mkono mmoja wa kushoto. Oktavu kwenye vitufe vya kawaida ina upana wa sentimita 16 na nusu hivi. Kiganja cha mtoto wa miaka tisa hakifiki hapo, na hata akitiwa moyo namna gani hakitafika. Juu ya hapo, karibu kila pigo linabadilisha kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, maana yake vidole vinne vinahamia mahali pengine kwa wakati mmoja. Tulipozipima nyimbo hizi bila huruma, nyingi tulizoziita za mwanzo zikapanda hadi ngazi ya kati. Sisemi tuziache. Nasema mtoto apewe sauti ya kwanza kwa mkono wa kulia na besi peke yake kwa mkono wa kushoto, basi. Alto na tena zitamfuata akikua.

La pili ni mdundo, na hapa mambo yanageuka. Vitabu vya Ulaya vinahesabu mbili kwa tatu, yaani mkono mmoja unapiga mara mbili huku mwingine unapiga mara tatu, kuwa ni ugumu wa kumsubiri mwanafunzi aliyekomaa. Mtoto aliyekulia karibu na ngoma za huku, aliyeshika kigoma kidogo nyuma ya wakubwa, analo hilo mwilini kabla hajajua nota ni nini. Nimeliona mara nyingi. Anachoshindwa ni kulisoma kwenye karatasi. Mwimbie kwanza, apige mapajani, kisha mwonyeshe lilivyoandikwa. Kwa hiyo mdundo wa namna hiyo tumeushusha ngazi moja kwenye orodha yetu, na kando tumeandika kwamba ugumu wake uko kwenye kusoma.

La tatu ni chombo. Vinanda vingi majumbani na vigangoni vina vitufe 61, piano ina 88. Ile Prelude fupi ya Chopin ya C minor ina mizani 13 tu na inakwenda taratibu. Ukiiangalia haraka utaiona rahisi. Lakini kodi zake zimejaa, na oktavu za mkono wa kushoto zinashuka chini kuliko vitufe 61 vinavyofika. Mwanafunzi wa Nachingwea mwenye kinanda kidogo hawezi kuipiga ilivyoandikwa, na wala si kwa uzembe. Nota za namna hiyo tumeziwekea herufi P, piano tu.

Katika kupima tulikubaliana kwamba wimbo unapewa daraja la mahali pake pagumu zaidi. Für Elise ya Beethoven ndiyo iliyotufundisha hilo. Kila mtoto anaitaka, na mwanzo wake kweli unashikika. Ukifika sehemu ya ufunguo wa F mkono wa kulia unaanza kukimbia, na wengi hurudi mwanzo na kuupiga huo mwanzo miaka yote. Vilevile Inventions za Bach, zile 15 za sauti mbili: ya kwanza iko C, karatasi imetulia, lakini mkono wa kushoto nao unaongoza wimbo badala ya kuusindikiza ule wa kulia. Ugumu huo ukihesabu nota huuoni.

Palikuwa na ubishi, na sitaki kuuficha. Mwalimu wetu mmoja wa Ndanda alishikilia kwamba mzazi anataka namba moja, hana haja na maelezo. Wengine, mimi nikiwemo, tulitaka alama mbalimbali: kusoma, unyooshaji wa mkono, mdundo, kuunganisha mikono, chombo. Baadaye nikafurahi kukuta watafiti wa Barcelona waliojaribu kuifundisha kompyuta kupima ugumu wa nota, kwa kutumia ngazi tisa za Henle, nao wamelitenganisha jambo hili: nota zilivyoandikwa, vidole vinavyokwenda, na hisia inayotakiwa. Tulimalizia hivi: namba moja juu ya karatasi, na chini yake sentensi moja ya sababu ikitaja mizani yenye ugumu. Mwalimu wa Ndanda ameridhika nusu, nami pia.

Kazi haijaisha. Nyimbo za watunzi wetu wenyewe, zenye besi zinazotembea kwa kasi kama gitaa, bado hatujazigusa ipasavyo, na hizo ndizo vijana wanazozipenda. Naomba kila mwanachama achague nota tatu anazofundisha, aandike namba na sentensi yake kwa penseli, si wino, maana tutabishana, na azilete kikao kijacho kabla ya msimu wa korosho kututawanya mashambani.

Yule binti nilimrudia. Nilimpelekea vipande vya mwanzo vya Mikrokosmos ya Bartók, mkusanyiko wa vipande vya kujifunzia piano, vile ambavyo mkono haubanduki mahali pake. Ana safari ya vipande 153 mbele yake na hajaahidi chochote. Jumamosi iliyopita alikuja, akapiga vinne, akaniuliza cha tano kina ugumu gani.