Kwa kaka yangu, kuhusu James Wilson na ile tarehe 11 Juni

Kaka, shikamoo.

Tangu arobaini ile hatujasemeshana. Ujumbe wangu wa simu huufungui, basi naandika huku, wasome na wengine. Ya siku ile sitayarudia; ulichosema unakijua, nilichojibu nakijua. Narudi kwa James Wilson, mmoja wa waasisi wa Marekani, maana ndipo ulipopandisha sauti.

Haki yako nakupa kwanza. Wewe ndiye uliyetufundisha kumpenda mtu huyu. Mtoto wa mkulima wa Fife, Uskoti, aliyezaliwa 1742, akavuka bahari 1765, akajifunza sheria katika ofisi ya John Dickinson kule Philadelphia. Julai 2, 1776, wajumbe wa Pennsylvania walipounga mkono uhuru kwa kura 3 dhidi ya 2, mmoja wa wale 3 alikuwa yeye, na mwalimu wake Dickinson hakuingia ukumbini. Ni watu 6 tu waliotia saini Azimio la Uhuru na Katiba pia, naye yumo. Katika Mkutano wa Katiba wa 1787 alisimama kusema mara 168. Aliyemzidi ni Gouverneur Morris peke yake. Tarehe 1 Juni alipopendekeza nchi iongozwe na mtu mmoja badala ya kamati, ukumbi ulinyamaza kimya, na James Madison, mjumbe aliyekuwa akiandika kumbukumbu za mkutano, akakiandika kimya hicho. Hapo ukisimulia huwa unanyamaza na wewe, na sisi tunangoja. Nakumbuka, kaka. Hakuna anayesimulia kama wewe.

Lakini ukitoka tarehe 1 Juni unarukia 17 Septemba, siku ya saini. Kwa nini huwa unairuka tarehe 11 Juni?

Siku hiyo aliyeleta hoja ya ile sehemu 3 kwa 5, yaani kila watumwa 5 wahesabiwe kama watu 3 katika kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi, hakuwa mwenye shamba la mpunga wa Kusini. Alikuwa Wilson wako, na Charles Pinckney wa South Carolina akaunga mkono. Hesabu yenyewe haikuwa mpya; ilichukuliwa kutoka pendekezo la 1783 la kugawanya michango ya majimbo. Elbridge Gerry, mjumbe wa Massachusetts, aliuliza palepale: ikiwa Kusini mtumwa ni mali, kwa nini ahesabiwe kuwapa mabwana viti, na ng'ombe na farasi wa Kaskazini wasihesabiwe? Hoja ikapita kwa majimbo 9, yakapinga 2.

Ulisema mbele ya wageni kwamba "ilikuwa hesabu tu". Haya, tuipige. Sensa ya 1790 iliikuta Virginia na watumwa 292,627 na watu huru kama 455,000. Chukua sehemu 3 kwa 5 ya watumwa, unapata kama 175,600. Jumlisha: kama 630,600. Mwaka 1792 Congress, yaani Bunge la Marekani, iligawa viti kwa kiti 1 kwa kila watu 33,000, sehemu inayobaki ikiachwa. Virginia ikapata viti 19. Ondoa watumwa kwenye hesabu, uone: viti 13. Pennsylvania, jimbo la Wilson mwenyewe, lenye watu huru kama 430,600, ilipata 13 hizohizo. Viti 6 vya ziada vimetoka kwa watu wasiopiga kura, wasioruhusiwa hata kuondoka shambani. Na haikuishia Barazani. Kura za kumchagua rais kwa kila jimbo ni idadi ya viti vyake jumlisha maseneta 2, kwa hiyo 6 zilezile zinaingia tena mlango wa pili.

Ningeweza kumsamehe kama hakuelewa. Alielewa. Tarehe 11 Julai, mwezi mzima baadaye, alisimama akasema haoni msingi wa sehemu 3 kwa 5. Je, wanahesabiwa kama raia? Basi mbona si sawa na raia weupe? Ni mali? Basi mbona mali nyingine haihesabiwi? Maswali hayo ni yake, yako kwenye kumbukumbu za Madison. Kisha akasema ugumu huo hauna budi kushindwa na haja ya kuafikiana. Akakaa. Hapo ndipo ninapokwama kila nikisoma. Kosa amelitaja kwa jina, amelichambua vizuri kuliko mpinzani yeyote, halafu amelipitisha. Desemba, akiitetea Katiba mbele ya mkutano wa Pennsylvania, akawaahidi kwamba utumwa hautaingizwa kwenye majimbo mapya. Kentucky iliingia 1792 na watumwa wake, Tennessee 1796. Yeye yu hai, tena jaji wa Mahakama ya Juu.

Ujaji wake siubezi. Ile hukumu yake ya 1793 katika kesi ya Chisholm dhidi ya Georgia, kwamba jimbo nalo linaweza kushtakiwa na mtu wa kawaida, bado naiona bora kuliko jibu walilompa kwa Rekebisho la 11 la Katiba, lililozuia kesi za namna hiyo.

Kilichommaliza ni ardhi. Alinunua kwa mkopo, akitarajia bei ipande wahamiaji wakifika, na kila deni lilipokaribia akachukua jingine kulilipa. Ardhi hailiwi wala haitoi kodi mpaka apatikane mtu wa kuilima, ila riba haisubiri mvua. Mikopo ilipokauka 1796 na 1797, wa kumkopesha hakuwepo tena. Jaji wa Mahakama ya Juu akafungwa kwa deni Burlington, New Jersey. Akatoka, akakimbilia Edenton, North Carolina, akafungwa tena. Aliyemfunga mara ya pili ni Pierce Butler, aliyekuwa akimdai dola 197,000. Butler yuleyule wa South Carolina, aliyetaka watumwa wahesabiwe kamili ili Kusini ipate viti zaidi, na aliyeleta kifungu cha kurudisha watumwa waliotoroka.

Ndiyo maana nilikuambia vile viwanja usivichukue kwa mkopo wa pili. Haikuwa husuda. Kama ningenyamaza ungesema leo kwamba nilijua nikakuacha, na mama angeniuliza mimi, si wewe. Mbele ya wageni sikupaswa, hilo nakubali. Lakini wewe ndiye uliyeanza kwa kumtolea mfano Wilson, kwamba mtu mkubwa haogopi deni.

Alikufa Edenton 21 Agosti 1798, ana miaka 55, malaria kisha kiharusi, na Hannah, mke wake wa pili, yuko kando yake. Wakamzika kwenye shamba la Hayes, lililolimwa na watumwa. Miaka 15 baadaye, mjini humohumo, Harriet Jacobs, yule aliyekuja kutoroka na kuandika kitabu cha maisha yake ya utumwa, akazaliwa mtumwa. Ukimsimulia Wilson tena kwa watoto, mtaje na huyo.

Mifupa yake ilihamishwa 1906, ikazikwa Christ Church, Philadelphia. Kutoka kwako ni mwendo wa basi moja. Nenda Jumamosi, ukifika nipigie. Namba ni ileile.