YAH: Malalamiko kuhusu siku ya tatu ya hija yetu, Palas de Rei hadi Arzúa

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi na mume wangu tulisafiri nanyi mwezi Mei katika hija ya miguu kutoka Sarria hadi Santiago de Compostela, huko Galicia, Hispania. Tulilipia siku 5 za kutembea, malazi, na huduma ya kuhamishiwa mabegi kila asubuhi. Siku nne sina neno nazo. Naandika kwa sababu ya ile ya tatu.

Ratiba yenu, ukurasa wa pili, inasema: siku ya tatu, Palas de Rei hadi Arzúa, kilomita 19, "mwendo mwepesi". Siku ya nne, Arzúa hadi O Pedrouzo, kilomita 29. Ni kinyume. Palas de Rei hadi Arzúa ndiyo inayokaribia 29, na ndiyo ndefu kuliko zote katika hizo tano. Nimefundisha hesabu miaka 31, na kosa la aina hii nalitambua kwa sura: mtu kapishanisha mistari miwili, kajumlisha, jumla ikatoka sahihi, akafunga faili.

Sisi tuliamini 19, tukatembea kama watu wa 19. Tulianza saa tatu kasorobo. Tulisimama kila penye ghala la nafaka, yale ya kwao yanayoinuliwa juu ya nguzo za mawe panya wasipande, maana mume wangu alitaka kuyalinganisha na vihenge vya Usukumani. Tulifika Melide mchana, kilomita kama 15. Nikapiga hesabu: zimebaki 4. Basi tukakaa.

Melide ni mji wa pweza. Wanamkata kwa mkasi juu ya sahani ya mbao, wanammwagia mafuta ya zeituni, chumvi ya mawe na unga wa pilipili nyekundu isiyowasha sana, nawe unamdonoa kwa kijiti. Mimi ni mtu wa Tanga, pweza simwogopi, na huyu alinyamazisha meza. Tulikaa kwa muda wa karibu saa mbili. Mume wangu akavua viatu. Aliyewahi kutembea mwendo mrefu anajua maana yake: miguu ikishapata hewa inavimba, na kuirudisha ndani ni ugomvi.

Kutoka Melide njia inaingia kwenye mikaratusi, inashuka hadi kijito cha kuvuka kwa kukanyaga mawe, inapanda, inashuka tena. Kilomita nne zikaisha, mji hakuna. Kufika Boente nikamwuliza mama mmoja aliyekuwa akifagia kibarazani kwake: Arzúa? Akaninyooshea vidole vinane. Nikadhani hatujaelewana. Akaingia ndani, akatoka na simu, akanionyesha ramani. Nane. Mume wangu, ambaye ana miaka 64 na kwa kawaida hakosi la kusema, aliegemea jiwe la njiani lenye gamba la kombe na mshale wa njano, akanyamaza.

Pale Ribadiso, chini ya daraja la mawe, mahujaji wenzetu walikuwa wametumbukiza miguu mtoni wakicheka. Sisi tulipita tu. Tungevua viatu mara ya pili tungelala palepale, na mbele yetu kulikuwa na mlima wa kupandia Arzúa. Tuliingia saa moja na nusu jioni. Jua la kule mwezi Mei huzama karibu saa nne usiku. Hilo ndilo lililotuepusha na giza.

Mapokezi wakatuambia begi letu halipo. Mwenye nyumba akapiga simu huku na huku, akalipata O Pedrouzo: agizo la siku ile mliliandika begi lipelekwe huko, yaani kituo kizima mbele yetu. Ndani yake kulikuwa na dawa za presha za mume wangu. (Ndiyo, dawa zingekaa kwenye kibegi cha mgongoni. Nimeshajilaumu, hamna haja ya kunisaidia.) Tulikodi teksi kwenda kulichukua na kurudi, euro 60.

Namba yenu ya dharura, "saa 24", nilipiga mara tatu. Asubuhi ndipo nikapata ujumbe kwa WhatsApp: "Poleni sana mama, hija ni sadaka, mtoleeni Bwana uchovu wenu." Ndugu Meneja, sentensi hii ndiyo iliyonikalisha kuandika barua. Sadaka naijua. Nimefunga Kwaresima tangu sijaolewa. Lakini sadaka naitoa mimi kwa hiari yangu. Ofisi haiwezi kukosea mstari, kisha ikaniambia kosa lake nilipeleke altareni.

La mihuri, ile inayogongwa njiani kwenye kitambulisho cha hujaji, nitalisema kwa kifupi. Mmeandika kwamba muhuri mmoja kwa siku unatosha. Anayeanzia Sarria anatakiwa kugonga miwili kila siku, la sivyo anaweza kunyimwa Compostela, yaani cheti cha kumaliza hija. Sisi tulipona kwa sababu mume wangu alifanya kazi posta na hapiti muhuri bila kuuomba.

Naomba mrudishe euro 60 za teksi, risiti nimeiambatanisha, pamoja na gharama ya kuhamisha begi kwa siku hiyo. Naomba pia barua ya kumwomba radhi mume wangu, iliyoandikwa na mtu, isiwe ujumbe wa kunakili. Nimesikia mna kundi jingine Septemba, na baadhi ni wazee wa jumuiya yetu. Warekebishieni ratiba kabla hawajalipa. Nikikaa siku 14 bila jibu, nitawasilisha suala hili Tume ya Ushindani.

Ule ukurasa wa pili nimeuambatanisha pia. Nimeusahihisha kwa kalamu nyekundu.

Wenu,
Mwalimu mstaafu, msafiri wenu wa Mei