Mafundi cherehani, hesabuni saa kabla ya kupokea kitambaa

Mhariri,

Fedha za korosho zikianza kuingia, mafundi cherehani wengi wa Masasi na Newala hupokea kila kitambaa kinacholetwa. Januari inafika, sare za shule hazijakatwa, na wanaoumia ni watoto.

Tatizo ni kuhesabu nguo badala ya saa. Fundi wa cherehani moja anayeshona saa 8 kwa siku, siku 6, asiahidi zaidi ya saa 40 kati ya hizo 48. Zinazobaki ni za umeme kukatika na marekebisho, ambayo hayakosekani. Kama gauni la bitana humchukua saa 6 na sketi ya shule saa 2, magauni 4 na sketi 8 zimeshajaza wiki.

Daftari lipangwe kwa tarehe ya kuchukua nguo, si ya kuleta kitambaa. Kazi zikizidi, inayokula saa nyingi ndiyo ya kukataa mapema: gauni moja likiondoka, sketi 3 zinapata nafasi. Na tarehe isitolewe kabla kitambaa, zipu na malipo ya awali havijafika mezani.

Msomaji,
Masasi, Mtwara