Betri imechoka, au kompyuta yake ndiyo inayokosea?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaulize wasomaji wako, hasa mafundi na wenye magari ya umeme, jambo ambalo nikiliamua vibaya litanigharimu zaidi ya nusu ya bei niliyonunulia gari.

Ninaishi Mtwapa na kazi yangu iko Mombasa mjini. Nilinunua gari dogo la umeme lililokwisha kutumika Japani, likiwa bado ndani ya ukomo wa miaka 8 unaoruhusiwa kuingiza magari Kenya, na nilivutiwa pia na ushuru wa bidhaa ambao serikali iliupunguza kwa magari ya aina hii kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka 2019. Sasa dashibodi inaonyesha kwamba betri imepoteza karibu theluthi moja ya uwezo wake, na fundi wa kwanza niliyemwendea alinishauri nibadilishe betri nzima.

Kabla ya kukubali, niliingiza namba ya chesisi katika tovuti ya Kijapani ya kampuni iliyoliunda, nikakuta kwamba gari hili liliwahi kuitwa gereji ili programu ya kompyuta inayosimamia betri isasishwe, na kwamba kazi hiyo haikufanywa kabla halijauzwa nje. Wakala wa kampuni hiyo hapa nchini alinijibu kwa upole kwamba huhudumia magari aliyoyauza mwenyewe tu, na kwamba vifaa vyake havina programu za magari ya soko la Japani.

Kinachonifanya nisite kununua betri ni yaliyowapata wenye Nissan Leaf za kilowati-saa 30. Wamiliki wa New Zealand, nchi ambayo nayo huagiza magari mengi yaliyotumika Japani, walikusanya vipimo vilivyoonyesha betri zao zikichakaa haraka kuliko za Leaf za awali za kilowati-saa 24. Mwaka 2018 Nissan ikaeleza kwamba kompyuta ilikuwa ikikadiria vibaya uwezo wa betri, ikatoa programu ya kuirekebisha. Gari langu ni la kampuni nyingine, kwa hiyo siwezi kudai kwamba tatizo ni lile lile, na joto letu la Pwani kweli huchakaza betri. Hata hivyo, aliyeharakisha kubadilisha betri ya Leaf kwa kuamini dashibodi alitupa betri iliyokuwa bado na kazi.

Yuko fundi aliyejitolea kuniwekea programu hiyo kwa kipakatalishi, kupitia soketi iliyo chini ya usukani. Alipounganisha waya, namba ya toleo lililomo garini ilisomeka vizuri, lakini faili aliyotaka kuliweka alipewa na mtu mwingine, na hakuna kilichoonyesha kuwa ni la betri ya ukubwa wa yangu. Alikiri pia kwamba betri ndogo ya volti 12 ikiishiwa nguvu kazi ikiwa katikati, kompyuta inaweza kufa na gari lisiwake tena. Nilimsimamisha.

Marekani lawama za namna hii zina pa kupelekwa. Mapema mwaka 2021 Tesla iliyaita magari takriban 135,000 ya Model S na Model X baada ya mamlaka ya usalama wa barabarani kuidai ifanye hivyo, kwa kuwa kifaa cha kumbukumbu cha gigabaiti 8 kilikuwa kikichakaa na kuzima skrini. Sisi tuliotangulia kununua magari haya huku tunastahili angalau kuambiwa mlango wa kubisha.

Je, ninawezaje kupima uwezo halisi wa betri bila kuitegemea dashibodi? Nimefikiria kuliendesha mpaka chaji ikaribie kwisha, kisha nisome kwenye mita yuniti linazovuta hadi lijae, lakini sijui nitoe kiasi gani kwa ajili ya umeme unaopotea wakati wa kuchaji. Yupo aliyewahi kusasishiwa programu ya gari la Japani hapa Afrika Mashariki, kwa njia ambayo kampuni inaitambua? Na yule aliyeliingiza gari nchini akaniuzia likiwa na kazi ya gereji ambayo haijafanywa, ninaweza kumdai agharamie, au dai hilo linaangukia kwingine?

Wenu katika usomaji,
Mkazi wa Mtwapa